Umeme wa Kutuliza Mlio wa Sikio: Ulipie Nini, Uache Nini

Klipu ndogo inabanwa sikioni, waya wake mwembamba unaingia kwenye kijimashine cha betri, na bei yake mtandaoni haifiki dola 50. Mtambo mwingine, uliobuniwa Dublin nchini Ireland, una hedifoni, kijisanduku cha kuongozea na kipande kidogo kinachowekwa juu ya ulimi. Mgonjwa wa Marekani hulipia mtambo huu kati ya dola 4,000 na 5,000, kiasi ambacho kwetu ni takriban shilingi milioni 10 za Tanzania au laki tano za Kenya, na kuendelea. Vyote viwili vinatumia umeme mdogo, bila kisu wala sindano. Na vyote vinamlenga mtu mmoja: yule ambaye usiku, nyumba ikishatulia na watoto wamelala, bado anasikia nyenje wakilia ndani ya kichwa chake.

Madaktari huuita mlio huo tinitasi. Wengine huusikia kama filimbi, wengine kama feni, wengine kama maji yanayochemka. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la JAMA Neurology ulikadiria kwamba watu wazima zaidi ya milioni 740 duniani wana hali hii, na kwamba zaidi ya milioni 120 kati yao wanasumbuliwa vikali. FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, haijaidhinisha hata dawa moja kwa ajili ya tinitasi. Mfa maji haachi kutapatapa, na wafanyabiashara wanalijua hilo. Ndiyo maana nimeona tukae chini, tupange kila njia na bei yake, tuone ipi inastahili fedha ya mtu aliyekosa usingizi.

Kipimo cha kulinganishia

Mara nyingi mlio huanza pale seli laini za usikivu zilizo ndani ya koklea, sehemu ya ndani ya sikio, zinapokufa kwa sababu ya umri, kelele au dawa kali. Ubongo ukikosa sauti uliyozoea kuletewa, huongeza nguvu ya kusikiliza, kama mtu anayefungulia redio hadi mwisho akitafuta kituo kilichopotea, akaambulia mkwaruzo. Umeme haufufui seli zilizokufa. Kifaa cha aina hii kinajaribu kuufundisha ubongo uushushe ule mkwaruzo, au uache kuushughulikia.

Kwa hiyo majaribio ya kitabibu hayapimi kama kimya kimerudi. Yanapima usumbufu. Dodoso linalotumika sana linaitwa THI: lina maswali 25 kuhusu usingizi, hasira, umakini kazini na hofu, na alama zake huanzia 0 hadi 100. Alama zikishuka kwa takriban 7, watafiti huhesabu kwamba mgonjwa ameiona tofauti katika maisha yake. Shika namba hiyo. Muuzaji anayekuahidi kimya kabisa anakuuzia kitu ambacho hata watengenezaji wakubwa hawadai kuwa nacho.

Klipu ya sikio peke yake

Wazo la klipu halikutoka hewani. Neva ya vagasi, ile ndefu inayoshuka kutoka shina la ubongo hadi moyoni na tumboni, ina tawi dogo linalofika kwenye ngozi ya sikio, hasa kile kibonde kilicho juu kidogo ya tundu lenyewe. Ukiligusa tawi hilo kwa umeme hafifu, ujumbe hupanda hadi kwenye ubongo.

Mwaka 2011 watafiti wa Texas walichapisha katika jarida la Nature kazi waliyoifanya kwa panya wenye dalili za tinitasi. Walipandikiza waya kwenye neva ya vagasi shingoni, kisha kila walipowasikilizisha panya sauti fulani walituma chembe ya umeme sekunde hiyohiyo. Umeme ulikuwa kama kidole kinachougusa ubongo begani: sikiliza hii. Dalili zilipungua. Mwaka 2017 lilichapishwa jaribio dogo la watu 30 waliopandikizwa kifaa cha namna hiyo, na matokeo yake yalitia moyo kwa baadhi tu ya wagonjwa. Kampuni iliyokuwa nyuma ya kifaa hicho, MicroTransponder, ilipata kibali cha FDA mwaka 2021 kwa kazi nyingine kabisa: kuwasaidia waliopata kiharusi kurudisha nguvu za mkono.

Klipu ilikuja kama njia ya kuifikia neva hiyohiyo bila upasuaji. Huko Regensburg, Ujerumani, wagonjwa 50 wa tinitasi walitumia umeme wa sikio kwa wiki 24, na matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Walivumilia matumizi, lakini hawakupata nafuu yenye maana kitabibu. Hapa pana somo la kuzingatia: panya walipewa umeme pamoja na sauti, ilhali wagonjwa hawa walipewa umeme peke yake. Kidole kiligusa bega, lakini hapakuwa na neno la kusikiliza.

Klipu za bei rahisi zina kasoro ya pili. Nyingi zinabanwa kwenye ndewe, yaani nyama laini ya chini tunakovaa hereni. Katika tafiti nyingi za neva ya vagasi, ndewe ndiyo sehemu ambayo watafiti huwawekea umeme wale wanaopewa tiba ya kuigiza, kwa sababu tawi la vagasi halitegemewi kuwa pale. Kwa maneno mengine, unauziwa kama tiba kitu ambacho maabara hukitumia kama mfano wa kisichofanya kazi.

Usitishwe na alama za vibali zilizo kwenye boksi. Kifaa cha sikio cha Kijerumani kilichopata alama ya CE ya Ulaya mwaka 2010 kiliipata kwa ajili ya kifafa. Kibali huwa na jina la ugonjwa. Kikikosa jina la ugonjwa wako, hakikuhusu.

Gharama: chini ya dola 50 kwa klipu ya mtandaoni, vifaa vya kitabibu vya neva ya vagasi hugharimu mara nyingi zaidi ya hapo. Hukumu yangu: kwa tinitasi, usinunue. Rahisi ghali.

Sauti na umeme kwa pamoja

Mtambo wa Dublin unaitwa Lenire, na mtengenezaji ni Neuromod Devices. Unavaa hedifoni zinazotoa sauti zilizopangwa, na wakati huohuo kipande chenye elektrodi 32 kinachochea ncha ya ulimi kwa mtekenyo mwepesi. Ulimi umechaguliwa kwa sababu neva zake zina njia fupi kuelekea sehemu za ubongo zinazokutanisha mguso na sauti. Hapa kidole na neno vimerudi pamoja.

Majaribio yake matatu makubwa yamechapishwa. La kwanza, la mwaka 2020, lilikuwa na watu 326 nchini Ireland na Ujerumani, waliotumia kifaa dakika 60 kwa siku kwa wiki 12. Wengi waliofuata ratiba walipata nafuu, na nafuu hiyo ilidumu mwaka mzima baada ya matumizi. Lakini makundi yote yalipewa umeme pamoja na sauti, kwa hiyo hapakuwa na kundi la kulinganishia ambalo halikupata kabisa. La pili, la mwaka 2022, lilikuwa na watu 191.

Jaribio la tatu ndilo linalomhusu zaidi mnunuzi. Lilichapishwa mwaka 2024 katika Nature Communications, likiwa na watu 112. Wote walianza kwa wiki sita za sauti peke yake, kisha wiki sita za sauti na umeme. Kwa wale ambao tinitasi yao ilikuwa ya wastani au kali, asilimia 58.6 walipata nafuu ya maana katika kipindi cha sauti na umeme, na asilimia 43.2 katika kipindi cha sauti tupu. Ni kwa msingi wa jaribio hili, hata kabla halijachapishwa, FDA ilitoa kibali mwezi Machi 2023, kwa watu wazima wenye tinitasi ya wastani na kuendelea, chini ya uangalizi wa mtaalamu wa usikivu.

Soma namba hizo kama unavyosoma bei sokoni. Katika kila watu 100, umeme uliongeza watu 15 hivi wa kupata nafuu. Watu 43 waliipata kwa sauti tu, ingawa ilikuwa sauti iliyopangwa na mtambo wenyewe, wala si redio ya nyumbani. Na watu 41 hivi hawakupata nafuu ya maana hata baada ya umeme kuongezwa. Tena, kwa kuwa kila mtu alianza na sauti ndipo akaongezewa umeme, sehemu ya nafuu ya pili huenda ililetwa na muda na mazoea. Huo ni ushahidi wa kweli, bora kuliko wa klipu yoyote, lakini ni ushahidi wa nafuu ya kadiri.

Gharama: dola 4,000 hadi 5,000 katika kliniki za Marekani, na wagonjwa wengi huko hulipa kutoka mfukoni kwa sababu bima hazilipi. Ongeza muda wako: dakika 60 kila siku kwa wiki 12 ni saa 84. Hukumu: ni chaguo halali kwa mwenye tinitasi ya wastani au kali, aliyekwisha kujaribu njia za bei nafuu, na ambaye kupoteza fedha hizo hakutawaacha watoto bila ada.

Kifaa cha Michigan

Katika Chuo Kikuu cha Michigan, Profesa Susan Shore na wenzake walitengeneza kifaa kinacholinganisha sauti na umeme unaowekwa shavuni au shingoni. Kinatumiwa dakika 30 kwa siku kwa wiki sita. Jaribio lake la mwaka 2023 katika JAMA Network Open lilikuwa na watu 99, na muundo wake ni mkali kuliko wa Lenire: kila mtu alipitia tiba halisi na pia kipindi cha sauti tupu, mpangilio ulifanywa kwa bahati nasibu, na si mgonjwa wala mtafiti aliyejua kipi ni kipi. Tiba halisi ilishusha usumbufu na hata ukubwa wa mlio.

Kilijaribiwa kwa watu ambao mlio wao hubadilika wanapokaza taya au kugeuza shingo. Jaribu sasa hivi: uma meno kwa nguvu, kisha geuza kichwa pole pole. Mlio ukipanda au kushuka, wewe uko katika kundi hilo, na umweleze daktari wako, kwa sababu hata matibabu ya taya na misuli ya shingo huweza kukusaidia. Kampuni ya Auricle iliundwa kukifikisha kifaa hiki sokoni kupitia mlango wa FDA. Ukimwona mtu anakiuza kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, omba namba ya kibali kabla ya kuuliza bei.

Njia zisizo na umeme, na bei zake

Sasa weka pembeni nyaya zote, uangalie kilichobaki juu ya meza.

Cha kwanza ni kuangaliwa sikio. Nta iliyoganda ikiziba tundu huweza kuleta mlio, na kuiondoa kwa mtaalamu ni kazi ya dakika chache. Daktari wa masikio, pua na koo ataangalia pia dawa unazotumia. Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua kwinini: wengi waliowahi kuitumia kwa malaria wanakumbuka masikio yakivuma. Gentamisini na streptomisini huweza kuumiza koklea moja kwa moja, na aspirini ya dozi kubwa huleta mlio ambao kwa kawaida huisha dozi ikipunguzwa. Usiache dawa kwa uamuzi wako, mwulize aliyekuandikia.

Cha pili ni kipimo cha usikivu na, ikihitajika, shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia. Wenye tinitasi wengi wana upungufu wa kusikia ambao hawajaugundua. Ubongo ukirudishiwa sauti za nje, sababu ya kufungulia redio hadi mwisho hupungua. Mwongozo wa mwaka 2020 wa NICE, taasisi ya Uingereza ya miongozo ya tiba, unaelekeza kumpa shimesikio mwenye tinitasi ambaye upungufu wake wa kusikia unaathiri mawasiliano yake. Bei hutofautiana sana. Tangu Oktoba 2022 Marekani inaruhusu shimesikio kuuzwa dukani bila cheti cha daktari, kuanzia dola mia kadhaa. Septemba 2024 FDA iliidhinisha programu inayozigeuza AirPods Pro 2, zilizokuwa zikiuzwa dola 249, kuwa msaada wa kusikia kwa watu wazima wenye upungufu mdogo hadi wa wastani. Programu hiyo haikuidhinishwa kama tiba ya mlio, lakini kwa mwenye upungufu wa namna hiyo ni mwanzo wa bei nafuu.

Cha tatu ni tiba ya mazungumzo inayobadili fikra na mwenendo, ile ambayo wanasaikolojia huiita CBT. Mgonjwa hujifunza kuusikia mlio bila moyo kuanza kwenda mbio, na kuondokana na fikra kwamba sauti hiyo itammaliza. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti 28 zenye washiriki zaidi ya 2,700. Waliopata tiba hii walikuwa na alama za THI takriban 11 chini ya waliokuwa wakisubiri zamu yao. Kumbuka kipimo chetu ni 7. Hakuna kifaa cha umeme chenye rundo la ushahidi kama hili. Gharama ni ada ya vikao kadhaa kwa mwanasaikolojia, na tiba hii hutolewa pia kwa njia ya intaneti.

Cha nne ni sauti ya chinichini wakati wa kulala: feni, redio iliyopunguzwa, au programu ya simu ya sauti za mvua na mawimbi. Nyingi hazitozwi hata senti. Iweke chini kidogo ya mlio wako, usiufunike kabisa, ili ubongo uzoee vyote viwili.

Na vipo vya kuacha. Mwongozo wa chama cha madaktari wa masikio, pua na koo cha Marekani wa mwaka 2014 unawashauri madaktari wasipendekeze ginkgo, melatonini wala zinki kwa tinitasi. NICE inasema betahistini isitolewe kwa tinitasi pekee. Kama kila mwezi unanunua mojawapo ya hivi kwa ajili ya mlio tu, zungumza na daktari. Huenda fedha hiyo ikatosha kulipia kipimo cha usikivu.

Gharama zisizoandikwa kwenye boksi

Kifaa kama Lenire hakitumwi kama viatu. Mtaalamu hupima usikivu wako, hukipanga kulingana na masikio yako, kisha hukuona tena baada ya wiki kadhaa ili abadilishe mpangilio. Aliye Nairobi au Mwanza akitaka kukifuata ng'ambo ahesabu tiketi zaidi ya moja, malazi, viza na siku za kazi. Aliye Minneapolis au Oslo aulize kwanza kama kliniki ya karibu inacho. Ndugu anayetaka kukutumia zawadi ya klipu kutoka ng'ambo, mwombe kwa upole akulipie kipimo cha usikivu badala yake.

Hesabu na usalama pia. Mwenye kifaa kilichopandikizwa cha kuongoza mapigo ya moyo, mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa moyo na mama mjamzito wasijiunganishe na umeme wowote kabla ya ruhusa ya daktari. Na mtu yeyote asichukue mashine ya TENS, ile ya umeme wa kutuliza maumivu ya mgongo, akabandika vipande vyake sikioni au shingoni. Alessandro Volta, aliyevumbua betri, alitia vijiti vya chuma masikioni mwake akaviunga na umeme. Mwaka 1800 aliandika kwamba alisikia kama kitu kizito kinachochemka, na hakutaka kurudia kwa kuhofia hatari. Tumheshimu kwa kumwamini.

Maswali manne kwa muuzaji

Je, kibali cha kifaa hiki kinataja tinitasi kwa jina? Je, kilijaribiwa kwa kulinganishwa na nini: na kutofanya lolote, au na tiba ya kuigiza? Je, ni wagonjwa wangapi kati ya 100 hawakupata nafuu? Na nisipoona tofauti baada ya wiki 12, fedha yangu inarudi kiasi gani, kwa maandishi? Muuzaji wa kweli ana majibu mezani. Anayeanza kukuonyesha video za watu wanaolia kwa furaha anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Nani achague nini

Mlio umeanza ghafla pamoja na kupotea kwa usikivu? Nenda hospitali leo, maana siku chache za kwanza ndizo zenye nafasi kubwa ya matibabu. Mlio uko upande mmoja tu, au unapiga kwa kufuata mapigo ya moyo, au umekuja na kizunguzungu na uso kulegea? Muone daktari kabla ya kuwaza kifaa chochote.

Mlio ni mdogo na unausahau mchana? Tumia sauti ya usiku, pima usikivu, linda masikio dhidi ya kelele za mashine na muziki. Usilipie umeme, kibali cha Lenire hakikutolewa kwa ajili yako.

Mlio unakunyima usingizi na kazi? Anza na shimesikio kama usikivu umepungua, pamoja na tiba ya mazungumzo. Vipe miezi mitatu hadi sita. Ukiwa bado unateseka, una uwezo, na kuna mtaalamu wa kukufuatilia, hapo ndipo mtambo wa sauti na umeme unapostahili fedha yako, ukijua kwamba unaweza kuwa miongoni mwa wale wasiopata nafuu.

Klipu ya dola 50 haimo katika mojawapo ya mafungu haya. Fedha hiyo mpelekee mtaalamu wa usikivu, ukae kwenye chumba chake cha kimya, ubonyeze kitufe kila unaposikia sauti, utoke na karatasi inayoonyesha masikio yako yalivyo. Karatasi hiyo ndiyo inayoamua kila ununuzi utakaofuata.